Vitesi ya pili haitaki asubuhi: shajara ya levie ya Roadster, Lubumbashi

Jumamosi, 7 Juni 2025

Leo nimeamua. Gari halirudi garaji. Nitalifungua mwenyewe hapa uani, Bel-Air, chini ya mwembe, na kila hatua nitaiandika, maana najijua: nikitoa skrubu kumi narudisha nane.

Gari ni Eunos Roadster ya 1994, injini ya 1.8. Eunos ni jina la kwao Japani. Kwingine linaitwa Mazda MX-5, lile gari la michezo la viti viwili lililoonyeshwa mara ya kwanza Chicago mwaka 1989. Langu lilishuka bandarini Dar es Salaam, likapanda hadi Tunduma, likakata Zambia, likaingia kwetu kwa Kasumbalesa. Nililinunua kwa mtu aliyechoka kulikwaruza tumbo kwenye matuta. Watoto wa mtaa walipoliona siku ya kwanza waliniuliza nusu yake nyingine itafika lini.

Ugonjwa uko kwenye levie, mkono wa kubadilishia gia. Ikiwa huru, inayumba kama mwiko ndani ya chungu cha maji. Asubuhi, baridi ya mwezi huu ikiuma, vitesi ya pili inakataa katakata. Naondoka na ya kwanza, naruka hadi ya tatu, injini inanung'unika, nyuma yangu teksi zinapiga honi. Katika tundu la levie unapanda moto wa kunichoma goti, pamoja na harufu ya mafuta na vumbi letu jekundu. Juzi nilikuta vumbi limeandika duara kwenye suruali ya kazini.

(Ndugu wa Dar na Mombasa mnisamehe. Gia huku ni vitesi, klachi ni ambrayaje, na gia boksi ni bwate. Nikiandika "klachi" najiona kama nimevaa koti la mtu.)

Fundi wa garaji moja ya mjini alizungusha gari mtaa mmoja tu, akashuka, akasema bwate imekufa, itafutwe nyingine, dola 700. Nikamwomba basi kwanza aregle (arekebishe) levie. Akacheka. Kicheko kile kilinikera kuliko bei.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya misa, majaribio ya bure, bila kufungua kitu.

Injini ikiwa imezimwa: vitesi zote tano na ya nyuma zinaingia laini, hata kwa vidole viwili. Injini ikiwaka, bado baridi: ya pili inakataa, ya kwanza inataka kusukumwa. Baada ya dakika kumi na tano za kuendesha: ya pili inaingia, ingawa kwa kukwaruza kidogo. Levie ikiwa ndani ya vitesi ya nne, kichwa chake bado kinatembea upana wa vidole vitatu kushoto na kulia.

Hitimisho langu: levie imechakaa na mafuta ni mazito.

(Nimeongeza tarehe 5 Julai: soma tena jaribio la kwanza na la pili. Jibu lilikuwa hapo na mimi nikalipita kama mtu anayempita mdai wake sokoni.)

Jioni nilitafuta wapi levie hii inareglewa. Kwenye gari zinazovutwa na magurudumu ya mbele, Corolla kwa mfano, bwate imelala mbele pamoja na injini, kwa hiyo levie inaiamuru kwa mbali, mara nyingi kwa kebo mbili. Kebo ikipotea kidogo, kuna magari ambayo unalegeza kifungo chake, unaiweka sawa, unakaza. Roadster si hivyo. Injini imekaa kwa urefu, bwate iko nyuma yake katikati ya viti, na levie imesimama moja kwa moja juu ya mgongo wa bwate. Hakuna kebo wala fimbo ya kati. Ndiyo maana likiwa zima, mkono unasogea kidogo tu na vitesi inaingia kwa mlio mfupi mtamu.

Na ndiyo maana yule fundi alicheka. Hakuna cha kuregle. Sikupenda kuandika sentensi hiyo.

Jumanne, 10 Juni

Vipande. Nilizunguka kwa wauzaji wa okazyo (vipande vilivyotumika) kule Kenya (komini ya Kenya, sehemu ya mji wetu, si nchi). Corolla, Ist, Noah, utachoka mwenyewe. Roadster hakuna. Mmoja alinitolea levie ya kamyo (lori) yenye urefu wa fimbo ya mchungaji na kuniapia kwamba "inaingia".

Mfanyabiashara mmoja wa jirani huenda Johannesburg kila mwezi. Nimempa orodha: sufle mbili (zile soksi za mpira zinazoziba tundu la levie, ya juu kubwa na ya chini ndogo), bushi ya nailoni (kofia ndogo inayovaliwa na ncha ya levie), na waya bapa wa mviringo wenye mawimbi unaokaa chini ya tufe la levie kuisukuma juu isicheze. Dola 60 pamoja na kubeba. Atarudi katikati ya Julai.

Jumamosi, 14 Juni

Siku ya kufungua. Saa mbili asubuhi bado kuna ukungu kwenye pumzi.

Breki ya mkono juu, tofali nyuma ya gurudumu. Betri ya gari hili inakaa kwenye buti, si mbele. Nikatoa waya wa hasi, maana konsoli, kile kifuniko cha katikati ya viti, ina plagi za vioo vya umeme na sitaki kuunguza fyuzi. Kichwa cha levie kinafunguka kwa kukizungusha kama kifuniko cha chupa. Kisha konsoli: skrubu za ubavuni, nyingine zimejificha ndani ya kisanduku. Nilizibandika zote kwenye kartoni kwa utepe, kila moja na jina lake. Mama wa watoto alipita akasema laiti ningekuwa na mpango hivi na risiti za nyumbani.

Chini ya konsoli kuna sponji la kuzuia kelele, halafu bamba la chuma lenye buloni (bolti) nne za kle (spana) namba 10, na chini ya bamba sufle ya juu. Imepasuka pande tatu. Kwa tundu lile niliona ardhi ya uani. Yaani miezi yote nilikuwa naendesha na dirisha wazi chini ya mkono wangu.

Ya chini ndiyo muhimu zaidi. Ni ndogo, imefungwa kwa buloni tatu, na kazi yake ni kuzuia uchafu usiingie ndani na mafuta yasitoke. Hapa nilijizuia. Kabla ya kulegeza buloni hata moja, nilisafisha pale kwa brashi ya rangi na petroli kidogo, nikapuliza kwa pampu ya baiskeli, nikasafisha tena. Ukiinua levie, kila chembe ya vumbi iliyobaki inaanguka ndani ya mahali pa meno ya chuma. Nusu saa nzima kwenye kipande cha ukubwa wa sahani ya chai. Sijutii.

Levie ikatoka. Ina umbo la mfupa: tufe kubwa karibu na chini, ndilo inalozungukia, na tufe dogo kwenye ncha, ndilo linalosukuma fimbo za vitesi. Tufe dogo linatakiwa kuvaa kofia ya nailoni. Kofia haikuwepo. Chuma kilikuwa kinagonga chuma, ndiyo ule mwiko ndani ya chungu.

Niliangaza kwa tochi ndani ya kisima. Nakiita kisima kwa sababu ndicho: levie inazama kwenye shimo lenye mafuta yake peke yake, yaliyotengwa na mafuta ya bwate. Unaweza kubadilisha mafuta ya bwate mara kumi na kisima kikabaki kikavu. Kinahitaji mililita 80 hadi 95. Mimi nilikuta kama kijiko kimoja cha chakula, cheusi kama maji ya kuoshea makala (mkaa).

Nilinyonya kwa seringi kubwa ya famasi niliyoiunganisha na kipande cha mrija wa dripu. Mrija ulivuta mafuta, ukavuta mchanga, halafu ukaziba: kipande cha nailoni. Nikakitoa kwa koleo la nyusi (la mama wa watoto, ameshajua, tusirudie). Vikatoka vitatu. Nikavipanga juu ya gazeti kama mtu anayeunganisha sahani iliyovunjika, kofia ikakamilika. Hapo nikashusha pumzi, maana kipande kilichopotea ndani ya bwate ni habari nyingine.

Saa nane mchana nilikuwa nafunika tundu kwa mfuko safi ili nipumzike, na buloni moja ikanitoka mkononi. Ikagonga mara mbili. Kimya. Haikuanguka chini uani. Iko mahali fulani juu ya bwate, katikati ya chuma kirefu cha alumini kinachounganisha bwate na difu (kisanduku cha meno cha ekseli ya nyuma), ambako mkono wangu hauingii.

Binti yangu wa miaka kumi na mmoja alilala kifudifudi kwenye viti na tochi.

"Papa, minaiona! Iko pale juu ya chuma, imelala."

Alitaka kutumbukiza mkono. Nikamkataza, tukavunja spika ya redio iliyokufa, tukafunga sumaku yake kwenye ufito wa mwavuli. Mara ya nne buloni ikapanda, imeshikilia ukingoni kabisa. Alidai faranga elfu tano. Nikalipa bila kujadili.

Jumapili, 15 Juni

Hakuna kazi leo. Mzee jirani, fundi mstaafu wa reli, alipita kwa miguu akielekea kwake, akasimama kwenye kivuli cha mwembe, akaangalia lile shimo katikati ya gari kama daktari anayeangalia kidonda cha mtoto wa mwenzake.

"Jambo, mwana. Inakataa namna gani?"

Nikamweleza yote, na nailoni nikamwonyesha. Akasikiliza.

"Ile ya mukono utatengeneza, ni mambo kidogo. Lakini angalia muguu."

Nikadhani ananiambia siendeshi vizuri. Nikasema ndiyo Papa, aksanti, nikabadili mazungumzo.

Jumatano, 18 Juni

Sitaweza kukaa mwezi mzima bila gari nikisubiri Johannesburg. Lubumbashi ina migodi, na penye migodi kuna maturneri, mafundi wa kuchonga vyuma. Nilikwenda kwa mmoja mwenye tua (mashine ya kuchongea) ndogo nyuma ya nyumba, na kipande cha nailoni nyeupe alichobakiza kwenye kazi ya rola za mikanda ya kubebea mawe. Nikampa levie, na vipande vitatu vya kofia ya zamani kama mfano.

Alipima kwa kaliper (kipimio cha unene) ncha ya levie na vile vipande. Nikamwambia abane sana, sitaki icheze hata kidogo. Akanitazama, akasema nailoni inanywa unyevu na inavimba, na ikipata moto inavimba tena. Mimi mteja, nikasisitiza. Faranga elfu kumi na tano.

Ilikatika umeme tua ikiwa katikati. Tukakaa, tukala karanga, tukaongea Mazembe hadi saa kumi na mbili.

Jumamosi, 21 Juni

Nimefunga bushi mpya, nikajaza kisima mafuta kwa seringi, mililita 90, nikarudisha levie. Sufle ya chini iliyopasuka nimeibadilisha kwa muda na kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki, nikakikata duara na kukitoboa matundu matatu.

Levie haikuyumba tena. Pia haikusogea. Kuingiza ya tatu ilikuwa kama kusonga bukari (ugali) ya watu ishirini. Ukiiachia, inabaki pale ulipoiacha, hairudi katikati.

Nikatoa tena kila kitu. Nikasugua bushi kwa karatasi ya msasa laini, nikijaribu kila baada ya mizunguko michache, hadi ncha ikazunguka ndani kwa uzito wake yenyewe na karatasi moja ya daftari ikapita pembeni. Saa tatu za msasa kwa ukaidi wa dakika moja. Jumatatu nitapita kwa turneri kumsalimia, atacheka naye.

Baada ya hapo: utamu. Kila vitesi ina mlango wake. Kichwa cha levie ndani ya nne kinatembea upana wa kidole kimoja, na kidole chembamba. Nilikaa kwenye gari lililozimwa nikibadilisha vitesi hadi giza likaingia.

Jumatatu, 23 Juni

Asubuhi, saa kumi na mbili na nusu. Ya pili: hapana.

Jumamosi, 28 Juni

Mpira wa pikipiki umevimba na kulegea kama uyoga wa mvua. Mafuta yameula kwa wiki moja. Mpira wa magurudumu haukutengenezwa kukaa kwenye mafuta. Sufle ya kweli ni ya mpira mwingine. Nimekata mwingine kama plasta ya muda, nitaubadilisha kila Jumamosi.

Jumatatu, 30 Juni

Sikukuu ya uhuru, hakuna kazi, mtaa umetulia. Leo mafuta ya bwate.

Gari hili ni fupi hata kwangu mimi mwembamba, lazima lipande. Mzee wa reli alinipa vipande vinne vya mataruma, mti mzito kama dhambi, nikaweka gari juu yake pande zote nne, likalala sawa. Kriki (jeki) peke yake si ya kulalia chini yake, hata kwa dakika mbili.

Jambo moja la kushika: fungua kwanza kizibo cha kujazia, kile cha ubavuni, kabla ya kile cha chini cha kumwagia. Ukimwaga kwanza halafu cha kujazia kikakataa kufunguka, una gari lisilo na mafuta na sikukuu imeharibika. Changu kilikataa. Bomba la chuma la mita moja juu ya mpini wa kle, kikalia kama mlango wa kanisa, kikafunguka.

Mafuta yaliyotoka yalikuwa mazito kama asali ya Juni. Yananuka salfa. Nina hakika mtu aliyatia mafuta ya difu za kamyo, 85W-140, kwa kuwa ndiyo yanayopatikana haraka kwenye kila kona huku. Kitabu cha gari kinataka 75W-90, lita 2. Namba iliyo mbele ya W inasema habari za baridi: ndogo maana yake mafuta yanabaki mepesi asubuhi.

Na asubuhi ndipo kazi ya sinkro ilipo. Sinkro ni pete yenye mistari midogo ndani yake. Kabla meno hayajaingia, pete inashika koni ya vitesi unayoitaka na kuifanya izunguke kwa mwendo sawa na mwenzake. Ili ishike lazima mistari ile ikate utando wa mafuta na kuusukuma pembeni. Mafuta yakiwa asali, pete inateleza, mwendo haulingani, na levie inakuambia subiri. Kati ya ya kwanza na ya pili tofauti ya mwendo ni kubwa, kwa hiyo ya pili ndiyo inayoteseka kwanza.

Pete hizo kwenye bwate nyingi za zamani ni za shaba ya njano, ambayo ni mukuba (shaba nyekundu) uliochanganywa na zinki. Nilifurahi peke yangu chini ya gari: mukuba ni wetu, na zinki iko Kipushi, kilomita kama 30 kutoka hapa. Huenda kipande cha Katanga kiliwahi kufika Japani, kikageuka pete, kikarudi nyumbani kwa kupita Dar. Siwezi kuthibitisha, lakini baridi ya sakafu inaleta mawazo.

Kwa sababu ya shaba hiyo nilitafuta mafuta yaliyoandikwa GL-4 na si GL-5. GL-5 ina dawa nyingi zaidi za salfa za kulinda meno ya difu yanayosagana kwa nguvu. Kwa shaba ya njano zinaweza kuwa kali. Nilizipata lita tatu kwenye duka moja mjini, dola 12 lita moja. Nilijaza kwa mpira na faneli kutoka juu, kupitia tundu la levie hadi ubavuni, mpaka mafuta yakaanza kumwagika kwenye kizibo. Hapo ndipo yamejaa.

Sumaku ya kizibo cha chini ilikuwa na unga laini wa kijivu, kama majivu. Hakuna kipande cha jino. Bwate "iliyokufa" inaonekana iko hai.

Jumanne, 1 Julai

Kipimo cha joto ukutani: 8. Ya pili imeingia. Lakini imekwaruza, na ya nyuma imepiga kelele hadi mbwa wa jirani akasimama.

Jumamosi, 5 Julai

Muguu.

Jana usiku nilikuwa nasoma shajara hii tangu mwanzo nikitafuta bei ya mafuta, nikafika kwenye majaribio ya 8 Juni. Injini imezimwa, zote zinaingia. Injini inawaka, zinakataa. Kama ugonjwa ungekuwa kwenye levie peke yake, ungekuwepo pia injini ikiwa imelala. Kinachobadilika injini ikiwaka ni kwamba kuna kitu kinachozungusha bwate, na pedale ya ambrayaje ndiyo inayotakiwa kukitenga. Haitengi chote. Mzee aliona hilo akiwa amesimama na mfuko wa mihogo mkononi.

Nikafungua boneti. Chupa ndogo ya mafuta ya ambrayaje imeshuka chini ya alama. Nikaingia chini ya gari: silinda ya chini ya ambrayaje imekaa ubavuni mwa bwate, inashikwa na buloni mbili. Nikavuta kofia yake ya mpira, mafuta meusi yakanidondokea kwenye shingo. Mpira wa ndani umechoka, kwa hiyo nikikanyaga, sehemu ya nguvu inapita pembeni.

Nilimwomba binti akanyage, mimi nikashika rula. Fimbo ya silinda ilitembea milimita 7.

Silinda nzima sikuipata. Nilikwenda na ile ya zamani mfukoni, muuzaji akalinganisha mipira moja baada ya nyingine, akapata saizi ile ile kwenye seti ya pikapu ya Mazda. Dola 5. Ndani ya silinda kulikuwa na uchafu tu, hakuna mikwaruzo inayoshika ukucha. Nikaisafisha kwa mafuta mapya ya freni (breki). Si petroli: petroli inaharibu mipira hii, na baada ya mwezi utarudi pale pale. Mafuta ya freni nayo yanakula rangi ya gari, kwa hiyo matambara yalilala pande zote kama mgonjwa yuko nyumbani.

Kisha kutoa hewa kwenye mafuta ya ambrayaje.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shikilia." Nafungua, povu linatoka kwenye mrija, nafunga. "Achia."

Mara thelathini hivi. Tulipofika mara ya ishirini alianza kuimba hayo maneno matatu, na mdogo wake akawa anacheza uani. Povu likaisha, mafuta yakatoka safi. Rula: milimita 13.

Mwisho, pale juu ya pedale kuna fimbo yenye nati inayoifunga. Hii inareglewa. Nikairefusha nusu mzunguko, nikaacha pedale icheze milimita chache bure kabla ya kuanza kusukuma. Ukiumaliza mchezo huo wote, silinda ya juu, ile ya kwenye pedale, hairudi mwisho, mafuta hayarudi kwenye chupa, na ambrayaje inabaki imekanyagwa nusunusu, siku nzima.

Jumapili, 6 Julai

Saa kumi na mbili na robo, kabla ya misa, peke yangu, kofia ya sufu kichwani na paa chini kwa kiburi. Barabara ya Kipushi. Kwanza. Pili. Ilienda kama kisu kwenye avoka. Nikapunguza nikarudi ya kwanza, nikaingiza tena ya pili, mara sita, mtu aliyekuwa na baiskeli ya makala akanipisha akidhani nimepotea.

Nilipitia kwa mzee na lita moja ya mafuta ya kula na sukari. Hakuuliza kitu. Aliisikia ikikata kona ya mtaa.

Jumamosi, 19 Julai

Johannesburg imefika. Sufle mbili, nyeusi, zinanuka duka. Kufungua safari hii kumechukua dakika arobaini. Mpira wa pikipiki wa nne nimeutupa. Waya wa mawimbi wa zamani ulikuwa umelala bapa. Mpya unaisukuma levie juu, na ule mtetemo mdogo uliobaki kwenye vitesi ya tano umenyamaza. Bushi ya dukani nimeiweka kwenye droo, ya turneri naiacha inafanya kazi.

Moto wa goti umekwisha, harufu imekwisha. Kelele imeshuka hivi kwamba sasa nasikia mlango wa kushoto unapiga. Hiyo ni shajara nyingine.

Hesabu: vipande 60, mafuta ya bwate 36, mipira ya silinda 5, mafuta ya freni 6, turneri na sumaku tuseme 8. Dola 115, na koleo jipya la nyusi.

Kimebaki kimoja. Kichwa cha levie nikikikaza hadi mwisho, mchoro wa vitesi uliochorwa juu yake unakaa upande, ya kwanza inaangalia dirisha la abiria. Nikikirudisha kiangalie mbele, kinalegea. Kinahitaji nati moja nyembamba chini yake, uzi wa 10 kwa 1.25, ili kifungwe pale pale ninapotaka. Jumatatu nitapita komini ya Kenya.